Nguo za Harusi Wodini

Siku yangu ya kwanza kazini nilidhaniwa nimekuja kuosha maiti.

Nilivaa buibui jeusi lililopauka, mtandio mweupe, tasbihi mkononi, na uso nimeukunja kama mtu anayekwenda msibani. Nilidhani ndiyo heshima. Nikaketi pembeni mwa kitanda cha dirishani, alipolala binti aliyekuwa kaambiwa jana yake kwamba ana saratani ya ziwa. Mama yake akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye makubadhi, kisha akanyanyuka.

"Nani kakuita hapa?"

"Nimetumwa na Sista Mkuu, dada yangu."

"Mwambie Sista Mkuu mwanangu bado anapumua. Nenda zako na sabuni yako."

Sabuni sikuwa nayo. Lakini binti alishaanza kulia, mama akafuata, shangazi akapokea, na wodi nzima ikaitikia. Hata paka wa hospitali walilia siku ile, na watalii waliokuwa wakipiga picha milango ya Mji Mkongwe walisimama kusikiliza. Nilitoka mbio, mie mtu mzima.

Sista Mkuu, yaani muuguzi aliyekuwa akiiongoza wodi, alikuwa mwanamke mfupi ambaye hata madaktari walimpisha njia. Akanitia chumbani kwake, akafunga mlango.

"Bi Zuwena, weye ulipokuwa umelala humu, ulitaka kumuona nani?"

"Mtu aliyepona."

"Sasa mtu aliyepona ndo yuko hivyo? Kesho njoo kama unakwenda kumtoa bibi harusi. Wanja, udi, kanga mpya. Mgonjwa hakusikilizi, anakutazama."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu, na sikuivunja isipokuwa siku moja tu, ambayo nitaifikia.

Vijana wengi hawajui kazi yenyewe ni ipi. Tunaitwa watetezi wa wagonjwa. Si mawakili, hatuendi mahakamani, na mshahara hakuna. Mtetezi ni mtu aliyeugua saratani, akatibiwa, akapona, kisha akarudi kwa hiari kukaa na wanaoambiwa leo. Humpeleka mgonjwa kwenye mlango sahihi, humuuliza daktari yale ambayo mgonjwa anaogopa kuyauliza, na humfasiria majibu kwa lugha ya nyumbani.

Mie nilikuwa mshoni wa Kikwajuni. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni nikiwa tayari nina wajukuu, na cheti nimekitundika ukutani, fremu yake kubwa kuliko dirisha. Wino haujakauka vizuri, nikaambiwa nina saratani. Nilikatwa ziwa la kushoto. Nikatiwa dawa za mishipa, zile zinazodondoka kutoka kwenye chupa na kuua maradhi, na zikiwa njiani huchukua nywele, kucha na hamu ya pilau. Kisha nikavuka kwa boti kwenda Dar es Salaam kupigwa mionzi, ambayo ni mwanga usioonekana unaochoma mabaki. Niliporudi nikajishonea ziwa la sufi, ndani nimetia punje za mtama lipate uzito. Lingedondoka barabarani, kuku wa Michenzani wote wangenifuata mpaka nyumbani.

Nacheka, lakini nataka mjue ukweli. Kazi hii inaogopesha. Kila mgonjwa mpya aliponisimulia alivyokuwa akioga akagusa kinundu, mkono wangu nao ulijipeleka kwenye kovu. Nilikuwa nikitia watu moyo huku wangu ukidunda mpaka Forodhani. Kwa ndani nilijua kwamba tofauti yangu na yule aliyelala ni kitanda tu.

Kutoka wodini nilihamishiwa kliniki, wanakokuja wagonjwa wasiolazwa. Kutoka kliniki nikapelekwa shamba, yaani vijijini, chini ya Mratibu wetu, kijana msomi mwenye tai aliyependa mikutano na viti vya plastiki.

"Bi Zuwena," aliniambia tukielekea Kiwengwa, "neno saratani usilitaje siku ya kwanza. Watakimbia."

"Mwanangu, wakirudi kwao bila jina, watalitafutia jina wenyewe. Wataita husuda, wataita jini, na wote wawili hawana kliniki."

Akacheka. Nikalitaja. Robo ya wanawake waliokuja mkutanoni walikimbia kweli.

Mmoja alibaki baada ya wote kuondoka, ananikunjia viti asivyoombwa kukunja. Akiitwa Mize, mkulima wa mwani, vidole vimekauka kwa chumvi na kamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kipo wapi?"

Hakuniuliza nimejuaje. Akajigusa chini ya kwapa. Kinundu alikuwa nacho tangu siku nyingi, na alikuwa akinywa kombe, aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa marashi. Sikumkataza. Mie mwenyewe nilikunywa na bado nnakunywa. Nilimwambia tu kombe na daktari hawagombani, aje na wote wawili.

Akaja mjini. Akafanyiwa kipimo cha nyama, yaani hukatwa kinyama kidogo kikachunguzwe maabara. Majibu yalipotoka nilikuwa nimekaa naye mbele ya Daktari wa upasuaji, mtu mrefu, mpole, anayezungumza kama anasoma hati. Alieleza: ni saratani, haijaenda mbali, akatwe, kisha dawa. Mize aliinuka akajitanda kanga yake. Tulipotoka nje ndipo akasema.

"Sikatwi. Dada yangu alikatwa. Kisu kiliyaamsha, akarudi Kiwengwa amebebwa."

"Dada yako alikwenda lini, mapema?"

"Alipokwenda, nguo zilikuwa hazivaliki kwa kidonda."

"Basi hayakuamshwa na kisu, Mize. Yalikuwa macho zamani."

Kisha akaniomba kitu ambacho wengi hukitaka na hawathubutu: akaomba kuona. Nikampeleka kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikakomea mlango, nikafungua vifungo, nikamuwekea ziwa la sufi kiganjani. Akalitazama kovu. Akaliwekea kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayepima joto la pasi.

"Na hujafa."

"Kwa woga nshakufa sana. Kwa maradhi, bado."

Nikamsimulia na kisa cha siku yangu ya kwanza, lile buibui lililopauka na ile sabuni. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Ntakwenda," akasema. "Lakini nnakwenda kwa ajili yako weye. Siku maradhi yakikurudia, mie narudi kwenye mwani wangu nikafie huko. Usije kunbembeleza."

Nilikubali upesi, kama mtu anayeahidi kitu kisichomhusu.

Siku chache kabla ya Mize kulazwa, nilikuwa naoga. Pembeni mwa kovu palikuwa na punje, ngumu, ndogo kama choroko. Maji yakaendelea kumwagika, na mie nimesimama nayo chini ya kidole. Maneno yote niliyowaambia watu kwa miaka niliyatafuta nijiambie mwenyewe. Halikuja hata moja.

Nilikwenda kwa Daktari wa upasuaji. Akanikata kinyama cha kupimwa. Nikamwomba Mize asijue.

"Mimi sitamwambia," akasema. "Siri ya mgonjwa si yangu kuitoa. Ila wewe atakuuliza."

Majibu yalitoka asubuhi ile ile ambayo Mize alikuwa wodini akisubiri kukatwa. Daktari alisema yamerudi, lakini nimeyawahi, na akanipangia siku. Neno "nimeyawahi" nimewafasiria watu wengi. Kumbe ukiambiwa mwenyewe hulisikii, unasikia la kwanza tu.

Sista Mkuu alinikuta kwenye ukumbi, nimeegemea ukuta. Nikamwambia majibu na ile ahadi yangu kwa Mize. Akanishika kiwiko.

"Nenda nyumbani. Ntamwambia kichwa kinakuuma. Akishakatwa, atajua."

Wallahi nilitamani. Akijua kabla, ataondoka, na akiondoka, safari ya pili atakuja kama alivyokuja dada yake. Nikimficha, atakatwa. Lakini atakuwa amekatwa kwa kumtazama mtu ambaye hayupo. Miguu ilinipeleka wodini huku kichwa bado kinabishana.

Mize alikuwa amekaa kitandani, keshavaa joho la upasuaji. Mumewe alikuwa nje ya mlango na kifurushi cha nguo. Mize akanitazama. Mgonjwa hakusikilizi.

"Leo hunukii udi," akasema.

"Nilichelewa."

"Wanja hukupaka. Na buibui hilo ndo lile la sabuni."

Nikajitazama. Lilikuwa lile lile. Asubuhi nilikuwa nimetia mkono kabatini bila kuangalia.

"Yamekurudia," akasema Mize.

Mzaha ninao wa kutosha kuwauzia mji mzima, lakini pale sikuupata hata wa kuazima.

"Yamenirudia."

Akashuka kitandani. Akamwita mumewe, akapokea kifurushi mlangoni, akaanza kukifungua fundo. Nikaona upindo wa nguo zake za kurudia nyumbani. Sikumzuia. Nilikuwa nimeahidi kutombembeleza.

"Na weye utafanya nini?" akauliza bila kugeuka.

"Ntakatwa tena."

"Lini?"

"Wiki ijayo."

"Unaogopa?"

"Mpaka meno yananiuma."

"Weye kisu unakijua," akasema. "Dada yangu hakukijua, mie sikijui. Weye unakijua, na unakirudia?"

"Nnakirudia, Mize."

Akasimama, nguo mkononi. Nje mumewe alikohoa. Wodi yote ilikuwa ikijifanya inalala. Nilihesabu pumzi za Mize kwa sababu zangu sikuwa nazo.

Kisha akaziweka nguo chini, akapapasa ndani ya kifurushi, akatoa kichupa chake cha wanja.

"Kaa hapa. Huwezi kunsindikiza na uso wa mwosha."

Alinipaka mwenyewe. Macho yangu yalikuwa yanabubujika, kwa hiyo wanja ulifika karibu na sikio. Wauguzi walipokuja kumchukua walisita, hawajui nani mgonjwa. Nikamsindikiza mpaka kwenye mlango ambao mtetezi haruhusiwi kuupita, naonekana kama samaki mkavu wa ng'onda aliyekaangwa. Alikuwa akinicheka machela inapoingia.

Yeye alikatwa, na wiki iliyofuata nikakatwa mie.

Sasa nimestaafu. Magoti yamekataa ngazi, na chama chetu cha watetezi kikanifanyia sherehe ambayo, nikiisimulia, ilijaza uwanja mzima. Ilikuwa ni chai na sambusa. Mize ndiye anayekaa kwenye benchi langu, amejifukiza udi mpaka madaktari wanapiga chafya, na wanawake wa mashamba wanamtazama yeye.

Mnaonirithi mnaniuliza hofu inakwisha lini. Sijui, haijanitokea. Kila miezi kadhaa naitwa kliniki kuangaliwa, na kuanzia wiki moja kabla silali vizuri, nampigia kelele kila mtu nyumbani na chakula kinakuwa majani. Cheti changu cha ukutani hakinisaidii kitu.

Kesho ni siku hiyo. Jioni hii Mize kanipigia simu. Hakuniuliza kama naogopa.

"Bi Zuwena, nakuja kukuchukua asubuhi. Nakuja na chetezo changu."

"Udi ninao, mwanangu."

"Najua unao. Lile buibui jeusi liko wapi?"

"Kabatini."

"Litoe nje. Nikifika nilikute kwenye kamba, na weye usilivae."

Nimelitoa. Linapepea uani kama mtu anayeniita, na mie nimekaa kwenye cherehani, nimelipa mgongo, namalizia upindo wa kanga mpya.