Nilihakikisha stika, sikuhakikisha extension: yaliyotupata chama cha mama

Wakuu, salamu kutoka Kayole.

Hii story nimekaa nayo wiki mbili nikiona haya kuiandika. Leo nimeamka na moyo mwepesi, kwa hivyo naiweka hapa jinsi ilivyokuwa, pamoja na pale ambapo mjinga ni mimi. Sitaongeza chumvi. Iliyokuwepo inatosha.

Mama yangu yuko kwenye chama cha wamama kumi na wawili. Chama chao ni cha vyombo. Wanakubaliana kitu kimoja, na kila mama anapata chake, sawa kabisa na cha mwenzake. Zamu ya sufuria, wote sufuria. Zamu ya blanketi, wote blanketi. Rangi moja, saizi moja, ili asiwepo wa kununa.

Sasa kwa sababu vitu vinafanana, wana desturi. Siku ya kugawa, kila mama anatia alama kwa rangi ya kucha. Mama yangu ni nukta mbili nyekundu. Vyombo vya chama vinatembea sana: kukiwa na sherehe au matanga vinakusanywa vyote, na jioni kila mtu lazima ajue chake.

Shikeni hiyo desturi. Ndiyo iliyotuokoa, siku mmoja wao alipoikataa.

Baridi ya Julai mnaijua. Ukuta wa ground floor unatoka jasho, nguo zinakataa kukauka. Wamama wakaamua zamu hii ni extension, ule waya wenye soketi kadhaa, kwa sababu vyumba vyetu vina soketi moja, na hiyo soketi moja inagombaniwa na birika, pasi, TV na simu nne.

Nikatumwa mimi.

"Wafula amesoma," akasema Mama Anyango, rafiki wa mama tangu nikiwa na kamasi. "Huyo hawezi kuuziwa hewa."

Nilizipata kwenye kiduka cha uchochoroni, mbele kidogo ya soko la Muthurwa. Nyeupe kama maziwa, na kila moja ina stika ya ubora inayong'aa ukiigeuza kwenye mwanga, kama ubavu wa samaki. Muuzaji hakunibembeleza hata kidogo.

"Boss, usiniamini mimi. Amini stika. Tuma hiyo namba."

Nikatuma namba ya moja kwa SMS, kwenye ile huduma ya serikali ya kukagua stika. Jibu likarudi kabla sijarudisha simu mfukoni. Neno la kwanza: VALID, yaani halali.

Sikusoma la pili.

Nikapiga screenshot, nikaitupa kwa group ya chama, na chini yake nikaandika neno moja: Nimehakikisha. Wamama wakanimwagia maua na mikono ya kuomba. Nilitembea siku hiyo kama mtu aliyevalishwa joho.

Siku ya kugawa, rangi za kucha zikatoka. Lakini Mama Zuhura, jirani yetu anayeuza mahamri na viazi karai pale stage, akakataa.

"Kitu kizuri hivi nikipake uchafu? Stika ina namba, na kila moja ina yake. Mimi naandika namba yangu kwa simu."

"Haya, madam wa benki," wakamwambia, wakaendelea kupaka.

Ikapita kama mwezi hivi. Jumamosi, wiki mbili zilizopita, kulikuwa na sherehe ya ubatizo kwenye ploti yetu. Extension zikaletwa: za spika, za taa za hema, ya lile birika kubwa la chai. Watu wakala, wakaimba, watoto wakamwagiana soda.

Saa kumi extension zikarundikwa kwenye mkeka ili kila mtu achukue yake. Mama Zuhura akachuchumaa na simu yake, miwani puani.

"Nimepata yangu," akasema.

Halafu akageuza nyingine.

"Nimepata yangu tena."

Wamama wakaangua kicheko. "Zimezaa?"

Yeye hakucheka. "Wafula, kuja hapa. Wewe ndiye uliyesoma. Hizi tatu, mbili zina rangi za wenzangu. Mbona zote zina namba yangu?"

Nikageuza moja. Nikageuza ya pili. Nikaenda hivyo hadi ya mwisho, na kila niliyoigeuza ilinitazama na namba ileile, hadi tarakimu ya mwisho.

Wakuu, mngenikata hapo msingepata damu.

Kwa asiyejua: namba ya stika ni ya kitu kimoja tu, kama kitambulisho. Mtu alikuwa amechukua namba ya kweli ya bidhaa nyingine, akaichapisha kwenye katoni nzima. SMS haikunidanganya. Niliiuliza kama namba ipo, ikanijibu ipo. Sikuwahi kuiuliza kuhusu kile nilichoshika mkononi.

Hapo ndipo nikafungua ile meseji na kuisoma hadi mwisho. VALID. Bidhaa: pasi ya umeme.

Pasi, jamani.

Nikaomba bisibisi, nikafungua ile iliyobeba birika. Ndani waya ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo, na plastiki yake ilikuwa imeanza kulainika na kuwa kahawia. Pini ya tatu, ile ya earth inayotakiwa kukuokoa stima ikipotea njia, haikuunganishwa na chochote. Ilisimama tu pale, kama mlango uliochorwa ukutani.

"Ziko ngapi hapa?" mama akauliza.

Nikahesabu. Kumi na moja.

Wamama ni kumi na wawili. Mama Anyango aliweka kikombe chini polepole sana.

"Yangu nilimpelekea Anyango," akasema. "Pamoja na hita ya mtoto."

Anyango ni binti yake. Alikuwa na mtoto wa siku nane, wa kwanza, kwenye chumba kimoja kule Mbotela, na mumewe yuko kazini Mombasa. Hita inakula stima sawa na birika, tena haizimwi baada ya dakika tano. Hita siku nzima, kwenye waya kama ule, dirisha limefungwa, mtoto kitandani.

Tukapiga simu. Imezimwa. Tukapiga tena. Imezimwa.

Tukachukua boda mbili, moja Mama Anyango, nyingine mimi. Barabara siikumbuki. Nakumbuka leso ya Mama Anyango ikipepea mbele yangu, na aproni ya kupikia ambayo hakukumbuka kuivua. Na lile neno langu la kwa group lilikuwa limekaa nyuma ya boda pamoja nami, limenishika kiuno. Nimehakikisha. Nimehakikisha.

Nyumba za Mbotela ni za zamani, zimetulia, na mlango wa Anyango ulikuwa umetulia kuliko yote. Pazia limefungwa. Hakuna sauti ya mtoto.

Mama Anyango akagonga kwa kiganja. Kimya. Akagonga tena, akaita jina la binti yake kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na nimemjua maisha yangu yote.

Komeo likasogea. Anyango akatokea, kidole kwenye midomo.

"Mama, mbona unanivunjia mlango? Ndio amelala saa hii."

"Extension iko wapi?"

"Gani?"

"Ile nyeupe. Na hita."

Anyango akatuangalia kama watu waliorukwa na akili, akaonyesha juu ya kabati. Extension kwenye katoni yake. Hita kwenye boksi, gundi haijaguswa. Beseni la mtoto na utepe wake, blanketi ndani ya plastiki. Vyote vimepangwa kama dirisha la duka.

"Si wewe ulinikataza?" akamwambia mamake. "Ulisema zawadi za kwetu haziguswi mpaka mama mkwe azione zikiwa mpya, asije akasema tumeleta mitumba. Anakuja Jumanne."

"Na hii baridi?"

"Namfunga kifuani na leso. Mbona yeye ndiye hita yangu."

"Na simu?"

"Nimechoka na watu kuniuliza jina la mtoto."

Mama Anyango akaketi ukingoni mwa kitanda. Akacheka bila sauti ili asimwamshe mtoto, mabega yanatikisika, machozi yanateremka hadi kidevuni. Mimi nikashikilia fremu ya mlango. Kulikuwa na harufu ya poda na maziwa, na sijawahi kuvuta hewa tamu kama ile.

Nikashusha katoni. Namba ileile. Nikaomba kisu, nikakata waya vipande vitatu palepale.

"Mama Anyango," nikasema, "mimi ndiye niliyesema nimehakikisha. Sikuhakikisha."

Hakunigombeza. Mtoto alikuwa ameanza kunung'unika, akamwinua, akaniwekea mikononi.

"Shika huyu, Mkaguzi," akasema. "Huyu ni original."

Wakuu, ndiyo jina langu sasa. Mkaguzi. Hata watoto wa ploti wananiita hivyo.

Zile kumi na moja nazo tulizikata waya zote. Nilirudi kwa muuzaji na nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Akanitazama tu: "Si wewe mwenyewe ulituma namba ikakubali?" Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Nikapeleka stika kwa ofisi inayohusika, wakaandika maelezo yangu. Extension mpya zimepatikana, dukani kwingine, na safari hii nilituma namba zote kumi na mbili, nikasoma kila meseji hadi nukta ya mwisho. Mama Zuhura yake ameipaka maua matatu ya zambarau. Anasema namba zimemchosha.

Nilichojifunza ni kidogo. Stika ni maneno ya mtu kuhusu kitu, si kitu chenyewe. Soma jibu lote. Ukinunua zaidi ya moja, linganisha namba, kwa sababu feki ikiwa peke yake inakaa vizuri. Ikikutana na ndugu zake ndipo inaumbuka.

Waliowahi kushikwa hivi, na mafundi wa stima mlio humu, wekeni mnavyozitambua, tusome. Lakini kabla hujaandika kitu, inama kwanza chini ya meza ya TV, geuza extension yako, uishike kidogo. Kama ina joto, chomoa. Maoni yatakungoja.