Mbwa Hutazama Miguu Yako

Siku yangu ya kwanza kazini niliua mbwa. Nasema mapema, nyinyi vijana mnaotaka kazi hii msije mkadhani nilizaliwa naijua.

Kazi ilikuwa kufukuza nguruwe mwitu kwenye shamba la muhogo, huku Likoni. Kuwaua hatukuruhusiwa. Mbwa walimzinga nguruwe, yaani walimzunguka wakibweka kwa mbali, mpaka achoke na kelele apite uwazi wa ua arudi porini. Mbwa akimvamia, zile chonge, meno yanayotokeza nje, humpasua.

Mimi nami damu yangu moto. Kuona dume limetoka kwenye muhogo, nikakimbia nikipiga kelele, "Kamata! Kamata!" Mbwa jike aitwaye Tausi akaingia. Hakufika jioni.

Nyapara, mzee wa Kidigo asiyepandisha sauti, alimfunika gunia. "Nguruwe hakumwita," akasema. "Umemtuma wewe." Kisha akanikabidhi Shaba, mtoto wa Tausi. "Na huyu ukimpoteza, uende zako."

Adhabu yangu ilikuwa ya ajabu. Mbwa wakizinga, mimi nikae chini nile muhogo wa kuchemsha. Nikiinuka, ananikalisha.

"Mbwa hamtazami nguruwe peke yake," aliniambia. "Hugeuka kukutazama wewe. Ukikimbia, anajua wakati wa kuvamia umefika."

Nikaanza kuchungulia, na wallahi ni kweli. Shingo inageuka, jicho kwako mara moja, kisha anarudi kubweka. Nilifurahi hata muhogo ukaniponyoka.

Nyapara alipostaafu nikashika nafasi yake. Akaja meneja mpya kutoka bara, mtu hodari, ila miguu haimtulii. Asubuhi moja Shaba alikuwa amezinga dume kubwa kwenye kona ya ua. Meneja akatoka mbio. "Kamata! Mmalize huyo!"

Shaba akageuka, akamwona meneja akikimbia, akainamisha kichwa tayari kuingia. Nilimwona Tausi yule yule pale. Miguu yangu nayo yataka kukimbia. Nikakaa chini, topeni, nikatoa kipande cha muhogo mfukoni nikatafuna.

Shaba akanitazama mimi. Akarudi nyuma hatua mbili, akabweka. Dume likaona uwazi, likapita kwa kishindo, vichaka vikatikisika mpaka mbali. Nilicheka hadi machozi yakanitoka.

"Yaani wewe umekaa?" meneja akauliza akihema.

"Niko kazini, bosi."

Sasa nami nimestaafu. Vijana huniletea mbwa waliopasuliwa, wakitaka niwakague. Mimi huwaambia watembee wao wenyewe kwanza, niione miguu yao. Halafu huniuliza ni mbwa gani alinitii kuliko wote, wakingoja nitaje Shaba.

Huwajibu ni Tausi. Nilimwambia akamate, naye akakamata.