Ferrara ilimjua Yekoniya kabla hajafika

Saa moja asubuhi, mbele ya hoteli moja mtaani Al Garhoud, Dubai, Yekoniya Kato anashusha masanduku ya wageni waliotoka uwanja wa ndege. Anawasalimu kwa Kiingereza, kisha kwa Kiarabu, anawafungulia mlango mkubwa wa vioo. Kila unapofunguka, anageuza uso pembeni.

Kwa miaka saba alikuwa akijitazama kwenye kioo hicho kurekebisha kofia. Tangu Desemba mwaka jana hajitazami tena.

"Namwona mtu," anasema. "Najua ni mimi. Lakini sina hakika kama ni mimi peke yangu."

Yekoniya, 34, ni Mganda wa Masaka. Anaishi chumba kimoja na wenzake watano. Jina Kato hupewa pacha wa pili. Pacha wa kwanza, Wasswa, "aliruka" hospitalini siku ya pili baada ya kuzaliwa. Kwao pacha hasemwi kwamba amekufa. Yekoniya alikua akilijua hilo, wala halikumsumbua.

Mwaka jana hoteli iliwachezesha wafanyakazi bahati nasibu. Zawadi ilikuwa siku nne za mapumziko kwa watu wawili katika mji wa kale wa Ferrara, Italia, waone kasri, makanisa na makumbusho. Yekoniya alishinda. Akamchukua Dancan, mpishi Mkenya anayelala kitanda cha juu yake.

Walifika Desemba, wakakuta ukungu. Dancan anakumbuka kasri la matofali mekundu lililozungukwa na maji yasiyotikisika, na baiskeli zilizotokea mbele yao bila sauti kisha zikamezwa tena.

Asubuhi ya kwanza waliingia duka la mikate. Muuzaji, mama wa makamo, alimkazia Yekoniya macho. Hawakuwa wameagiza chochote. Akafunga mikate miwili ya kusokotwa, akaisukuma mezani, akakataa pesa.

Walipotoka walicheka. Lakini kwenye uwanja wa kanisa kuu bibi mmoja alimwona Yekoniya akafanya ishara ya msalaba, na mfagiaji akainua mkono kumsalimu, kisha akaushusha polepole. Kicheko kikaisha.

"Nilimwambia turudi chumbani," anasema Dancan. "Hawakumtazama kama mgeni. Walimtazama kama mtu aliyekuwa haonekani siku nyingi."

Siku ya pili mzee mmoja alitoka mbio kwenye karakana ya baiskeli, akaushika mkono wa kushoto wa Yekoniya na kuanza kuhesabu vidole. Vilipotimia vitano, aliketi ukingoni mwa barabara akalia.

Mzee huyo, Ivo, aliwaingiza ndani. Kwa Kiingereza cha kuokoteza, akisaidiwa na simu ya Dancan kutafsiri, alieleza kwamba fundi wake, Mwafrika aliyekatika kidole kidogo, alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa moyo wiki tatu kabla. Aliitwa Paolo. Alikuwa amelelewa na wazazi wa Kiitaliano, ambao nao wameshafariki, waliomchukua akiwa mchanga kwenye kituo cha mayatima mjini Kampala. Hakuwahi kuijua siku aliyozaliwa.

Ivo akaleta picha. Uso ulikuwa wa Yekoniya, hadi mwanya wa meno ya juu na ule unyusi mmoja uliopanda. Aproni ya marehemu ilikuwa bado imetundikwa ukutani. Mzee alimwomba aivae, japo kidogo tu. Yekoniya alikataa.

Siku ya tatu waliongozana hadi makaburini. Jiwe lilikuwa jipya: jina, tarehe ya kifo, na nafasi tupu mahali pa tarehe ya kuzaliwa. Ivo alimpa kalamu na kipande cha karatasi aandike tarehe hiyo, naye ampelekee mchongaji.

"Ningeandika tarehe yangu," anasema Yekoniya. "Juu ya kaburi, katika mji ambao watu wote wanaijua sura yangu. Mkono ulikataa."

Jioni hiyo alimpigia simu mama yake, Milly, kule Masaka. Mama akamwambia jambo ambalo hakuwa amelisema kwa miaka yote hiyo.

"Sikuonyeshwa uso wake," alisema. "Pale hospitalini walinipa shuka iliyofungwa, wakaniambia nisifungue. Ilikuwa nyepesi mno. Nikajiambia, ni kwa sababu ni mchanga."

Shuka hiyo walikwenda kuizika migombani, nyuma ya nyumba. Hospitali yenyewe ilifungwa zamani, na Yekoniya hajapata hata ukurasa mmoja wa kumbukumbu zake. Ivo ametunza chanuo la marehemu kwa ajili ya vipimo vya DNA, ila Milly ameomba kwanza migomba ijibu: kaburi lifukuliwe.

Haikuwa rahisi kufika hapo. Kwa miezi miwili mama huyo alikataa kabisa kaburi liguswe, na wazee wa ukoo walimuunga mkono. Mwezi uliopita alipiga simu mwenyewe, akasema wachimbe, mradi Yekoniya awepo.

Likizo yake inaanza Aprili.

"Nikiikuta mifupa, nitamwomba Wasswa radhi nimfunike," anasema. "Yule wa Ferrara atakuwa mtu aliyefanana nami, basi. Shuka ikiwa tupu, nitampelekea mzee Ivo ile tarehe kwa mkono wangu. Na sitaenda peke yangu."

Milly, mwenye miaka 61, hajawahi kuvuka mpaka wa Uganda. Wiki iliyopita alikwenda mjini kupiga picha ya pasipoti.