Yaya Alikuja Kunipa Choo Chake

Ugonjwa ulinishika nikiwa darasani. Nilikuwa nafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Kabondo, mtaa wa Kisangani, na katikati ya somo tumbo likanikata hata nikaweka chaki mezani na kutoka mbio. Chooni niliona damu. Sikumwambia mtu. Kwetu kila tumbo linalouma huitwa amiba, basi nikanunua dawa za amiba, nikazimaliza, nikanunua nyingine. Damu haikukoma.

Mke wangu alitambua mwenyewe, kwa kuona suruali zilivyoanza kunipwaya.

"Papa ya batoto," akaniambia, "unaenda choo kuliko unaenda kanisa. Twende kwa docta."

Docta alikuwa mwanamke mpole wa maneno machache. Aliniingiza mpira mwembamba wenye kamera, akatuonyesha kwenye kioo utumbo wangu mpana, mwekundu kama kinywa kilichoungua, umejaa vidonda vidogo. Alisema si amiba, wala hakuna aliyeniloga. Mwili wangu wenyewe unapigana na utumbo wake. Kwa Kifaransa akauita rektokolite. Hauponi kabisa, akasema, lakini unaweza kulala kwa muda mrefu ukipewa dawa.

Dawa hizo hazipatikani kwa urahisi Kisangani. Zilikuwa zikija kwa ndege, na zikichelewa damu ilirudi. Katika kungoja kwa namna hiyo nilisoma kwenye simu kwamba katika nchi nyingine madaktari huchukua choo cha mtu mwenye afya, wakakichanganya na maji na kukichuja, kisha wakakitia ndani ya utumbo wa mgonjwa ili vijidudu vizuri vizaliane humo. Nilimsomea mke wangu huku nikicheka. Yeye hakucheka. Kesho yake alimpigia simu dada yangu.

Dada yangu ndiye kifungua mimba wa mama yetu, nami ndimi kitinda mimba. Mimi humwita Yaya tu, kama huku tunavyomwita dada mkubwa. Anauza samaki waliokaushwa kwa moshi katika mji wa Ubundu. Treni ya kutoka huko haikujulikana itaondoka lini, kwa hiyo alipanda pikipiki, akafika kwetu mwekundu kwa vumbi, na kabla hajapewa maji ya kunywa akasema kwa sauti ya sokoni:

"Bon, nimefika. Mavi njo munataka? Mimi niko nayo mingi!"

Jirani aliyekuwa anatwanga akasimamisha mchi. Nikamvuta Yaya ndani.

"Yaya, sema polepole. Watu wanasikia."

"Basikie! Unaona haya ya nini? Mama akienda shamba, nani alikuwa anakupangusa? Ulikuwa unaninyea mu mugongo, njia yote mpaka mutoni. Leo nikupe yangu, unaona haya?"

Mke wangu aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Tangu asubuhi iliyofuata Yaya akaanza kulitunza tumbo lake kama mtu aliyeazimwa kitu cha thamani. Aliacha pilipili, yeye ambaye bila pilipili husema chakula ni cha wagonjwa. Alikula pondu ya majani ya muhogo, lituma ya ndizi za kutwanga, na papai. Soda aliyonunuliwa aliisukuma pembeni. Akitoka chooni alitupa habari bila kuulizwa: "Ya leo ilikuwa muzuri sana. Pole, imepotea."

Siku ya docta ilipofika, tulikwenda sote watatu. Yaya alivaa kitenge chake kipya. Docta alimsikiliza mpaka mwisho, naye hakucheka.

"Mama, hiyo dawa iko kweli," akasema. "Kuna kuhara kwingine ambako inasaidia sana. Kwa ugonjwa wa ndugu yako bado wanatafuta. Wengine wanapata nafuu, wengine hapana. Na anayetoa lazima apimwe vitu vingi, damu na choo. Hapa hatuna maabara ya kufanya yote hayo."

"Nipime na macho. Niko mugonjwa?"

"Macho haioni vijidudu, Mama. Unaweza kubeba kitu ambacho kwako hakifanyi neno, lakini kikiingia kwenye vidonda vyake kikamuua. Ndiyo maana nawaomba: musijaribu nyumbani, hata siku moja."

Yaya alifikiri kidogo. "Alors, ile munaweza kupima, mupime."

Wakapima. Majibu yalipotoka, docta aliyasoma taratibu, akamtazama Yaya kwa huruma. Alikuwa na minyoo. Na amiba.

Nyumbani Yaya alikaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuvua kitambaa cha kichwa. Nikakaa kando yake. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hayafuti.

"Batoto ya mama tumebakia wawili," akasema. "Nilitaka nikupe kitu."

Nilimshika mkono. Mikono yake inanuka moshi wa samaki hata akiiosha kwa sabuni, na mimi harufu ile ndiyo ya utotoni mwangu. Halafu, sijui kwa nini, nikasema, "Mimi nilimeza dawa ya amiba miezi na miezi, Yaya, na amiba zote ziko kwako."

Alinitazama kana kwamba atanipiga kofi. Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, hata mke wangu akaja mlangoni kuuliza kuna nini.

Yaya hakurudi Ubundu mara moja. Alimeza dawa zake za minyoo na amiba, akabaki kungoja zangu. Habari ilipokuja kwamba kifurushi kimefika, alikwenda mwenyewe uwanja wa ndege wa Bangboka kukipokea, akarudi nacho kifuani ndani ya kitenge. Ndani yake mlikuwa na vidonge, na dawa ya maji ya kuingiza kwa nyuma, ambayo niliichukia. Yaya alisimama nje ya mlango wa chumba.

"Umelala upande wa kushoto?"

"Ndiyo, Yaya."

"Usiamuke!"

Damu ikapungua, kisha ikaacha. Nilirudi darasani. Mke wangu akazipunguza suruali zangu kiunoni, na muda si mrefu akalazimika kuzifumua tena. Yaya alipohakikisha nakula sahani yangu yote alifunga mizigo yake, akamwachia mke wangu samaki, na mimi akaniachia maagizo.

Ugonjwa umerudi mara moja tangu wakati huo, wakati wa mitihani, ukalala tena. Huenda utarudi. Docta anasema nchi nyingine bado wanaichunguza ile tiba ya choo, naye akisikia jipya atatuambia.

Siku hizi Yaya akileta samaki Kisangani hupitia kwanza maabara kupimwa, ndipo aende sokoni. Majibu yakiwa safi hunipigia simu akiwa bado kwenye benchi la hospitali, mbele ya watu wote.

"Niko safi! Docta akipata mashine yake ya kupima yote, mimi njo wa kwanza. Unasikia?"