Chembe Zisizo na Rangi

Pale maabara walimwita Mwewe, na hawakumtania. Kazi yake ilikuwa kuinama kwenye darubini, kibano mkononi, akiokota chembe ngumu ziitwazo zirkoni kutoka kwenye mchanga uliobaki baada ya jiwe kusagwa na kuoshwa. Mawe yenyewe yalikuwa tope la kale, lililoporomoka chini ya bahari kabla binadamu hajakuwapo, likagandia hukohuko. Kila chembe ina umri wake, na umri huo huutaja mlima ilikotoka. Lakini mashine ya kupima umri hula inacholishwa, na mlishaji alikuwa Mwewe.

Hakuolewa, hakuzaa, na uzuri, alisema mwenyewe, uligawiwa siku aliyochelewa kuamka. Yeye alipewa macho. Basi akayatumia mpaka mvi zikamtoka.

Jumapili moja mdogo wake, mjane aliyeishi naye, aliuma jiwe kwenye wali.

"Dada! Huu mchele umeuchambua au umeuombea dua tu?"

Mwewe akacheka, tena akazidisha. Mdogo wake akaacha kutafuna.

"Macho vipi, dada?"

"Taa ya jikoni hafifu."

"Haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Kesho yake akamburura kwa tabibu wa macho. Tabibu akapima, akasema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki nacho kitapungua.

Mwewe hakulia mpaka aliporudi kwenye darubini. Alitikisa sahani ya kioo. Chembe kubwa za rangi ya waridi, zile za milima ya kusini, aliziona. Zile ndogo zisizo na rangi, za milima ya magharibi, ambazo zamani alizidonoa kama kuku, hakuiona hata moja. Chembe hizohizo ndizo zilizokuwa zikimuudhi Profesa, mkuu wa maabara, maana yeye alishikilia kwamba tope lote lilitoka kusini. Mwaka huu Profesa alikuwa na furaha, akipita anapiga mluzi. Sasa Mwewe akaelewa furaha ile ilikotoka: mwaka mzima hakumwokotea ila za kusini.

Akisema, kazi imekwenda. Na bila darubini ile alikuwa nani? Mwanamke mzee aachaye mawe kwenye mchele. Hata hivyo akapiga moyo konde, akabisha hodi.

"Profesa, macho yangu yamekwisha. Chembe zisizo na rangi sizioni kabisa. Majibu ya mwaka huu yana kasoro, na kosa ni langu."

Profesa alikuwa anafunga mkoba, anasafiri kwenda kuwasomea wenzake majibu hayo. Akatabasamu.

"Bi Mwewe, umechoka tu. Asiyeona angeokota ovyoovyo. Wewe umeokota vilevile ninavyosema miaka yote."

"Basi mweke mwingine akague. Sahani moja tu."

"Ya nini? Mimi nakuamini."

Alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Kwa kuaminiwa hakujiandaa, na kulimuuma kuliko maneno ya tabibu. Profesa akamwekea sahani mpya mezani, akamshika bega kwa upole, akaondoka.

Mwewe akakaa. Akaokota chembe ya waridi, kisha nyingine ya waridi, mpaka hakuona tena cha kuokota. Alijua zile zisizo na rangi zimo mlemle, chini ya pua yake. Akanyanyua sahani, akazimwaga kwenye ndoo ya taka pamoja na mchanga.