Hoteli Isiyonukia Chakula

Ofisi hii ya kufungia ndoa, hapa Wembley, inanukia nta ya mbao. Harufu hiyo naijua.

Nilikuwa mdogo, tumetoka London kwa basi kwenda kutembea Ufaransa. Mama, njaa ikimuuma, aliona jumba la mawe lenye saa juu, limeandikwa Hôtel de Ville. "Hoteli hiyo," akasema, akaingia. Hakujua kwamba kwa Wafaransa hilo ni jumba la meya, na ndimo watu wanamofungia ndoa. Baba alijua. Alisema tu, "Twendeni kwingine."

Ndani kulikuwa na baridi na harufu hii hii ya nta. Niliuliza kwa nini ngazi zimelika katikati, na Baba akajisahau, akaeleza: chini ya matao yale zamani waliuza ngano, na ghorofa ya juu iliwahi kuungua, ndiyo maana mawe yake ni meupe zaidi.

Mama alinusa. "Hoteli gani haina hata harufu ya kitunguu? Na wewe umeyajulia wapi yote hayo?"

Kabla Baba hajajibu, mzee wa mlangoni alimpa mkono kama mtu anayemfahamu tangu zamani, akamuuliza kitu kwa Kifaransa huku akitabasamu na kuonyesha ukumbi wa juu uliopambwa maua ya harusi.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anauliza kama tutakula."

Mama alinishika mkono, tukatoka.

Leo Mama amekaa kando yangu, mkoba mapajani. Amenusa mara mbili, kisha akaniinamia.

"Huyo mchumba wako," ananong'ona, "muulize kama alishawahi kula hapa."