Kahawa Haikumtuliza Asukile

Ujanani Asukile alikuwa mtu wa kukimbiwa. Huko Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, alimvunja msimamizi taya kwa mpini wa sururu, kisha akarudi kwao milima ya Rungwe na hasira zake zote. Hata utu uzimani, mwaka 1950, vijana wenye njaa walipochoma ghala la chifu, yeye ndiye aliyewasha kiberiti.

Kisha ikaja kahawa. Joachim, bwana shamba kutoka Iringa, alimpa miche, akamfundisha kupogoa, akamsimamia bila kuchoka. Baada ya miaka sita Asukile alikuwa na mibuni mia tisa, nyumba ya bati, na mwana aliyeoa, Mika. Ugomvi aliuacha kabisa. Katika kila baraza Joachim alimtaja yeye: watu hawa wakishiba, alisema, hawachomi kitu. Wakubwa wake wakaandika hivyo hivyo, na kwa miaka ile nani angewabishia?

Mwaka 1956 ikatoka amri kwamba migomba isichanganywe na mibuni. Asukile akagoma kukata yake, maana ndizi ndizo zilizolisha nyumba yake. Joachim aliona anaumbuliwa na mtu wake mwenyewe. Asubuhi moja alifika na matarishi wanne wa chifu. Waliifyeka migomba, wakamlaza Asukile uani, wakamvua suruali. Joachim akaamuru watu wote wa nyumba ile watoke watazame.

Hapo ndipo alipoharibu, na mgeni yule wala hakujua. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Mwanamke akisikia mkwewe anakuja huiacha njia, akajifunika. Atuganile, mke wa Mika, alitoka akiwa amejitanda nguo kichwani. Tarishi mmoja akaivuta, akamshika kidevu, akamgeuzia uso kule kule alikolazwa mkwewe. Vilikuwa viboko kumi na viwili, na Asukile alivimeza vyote kimya. Kilichomtoa ukelele ni kilio cha yule binti, kwa sababu hapo alijua kwamba ameonwa.

Siku ya tatu, mchana kweupe, alimkuta Joachim kitaluni akimwagilia miche. Asukile alikuwa na panga. Joachim alirudi nyuma akisema naye taratibu, kama mtu anayembembeleza ng'ombe mkali.

"Asukile, fikiri. Una mibuni mia tisa. Una nyumba ya bati. Utapoteza vyote."

"Vichukue," Asukile akasema. "Umenivua nguo mbele ya mkwe wangu."

Pigo la kwanza liliukata mkono, la pili likazama begani. Damu ilimwagikia miche. Joachim alipona, mkono haukurudi. Jioni ile ile nyumba za matarishi ziliteketezwa, na mmoja wao akafia ndani. Safari hii waliochoma hawakuwa na njaa. Kila mmoja wao alikuwa na shamba lake la kahawa.

Asukile alifungwa Iringa, miaka kumi na minne. Baada ya mavuno Mika alikwenda kumwona, akamweleza kwamba bei imepanda, na serikali sasa inagawa miche bure ili watu watulie. Asukile hakuuliza lolote juu ya mibuni. Aliuliza kama Atuganile bado yupo nyumbani.

Mika akainamisha kichwa. "Alirudi kwao siku ile ile ya viboko, baba. Anasema kila akifumba macho anakuona."